Kisimani ni pa Nani?

Siku hizo Zubeda alikuwa akiunguza chapati.

Kama hujawahi kula chapati za Zubeda, huwezi kuelewa uzito wa jambo hili. Mtaa mzima wa Bertrams, hapa Johannesburg, ulimjua. Watanzania walizifuata kutoka Berea na Turffontein. Wakongo walizila kwa maharage. Hata vijana wanaouza machungwa karibu na uwanja wa michezo walipita asubuhi na kusema, "Mama, nipe mbili, sharp." Zilikuwa laini, zina tabaka, hazina doa jeusi. Sasa moshi ulitoka jikoni mpaka uani, na watu wakachungulia kuona kuna nini.

"Mama Bushra!" aliita Falonne, Mkongo anayesuka nywele chumba cha jirani. "Eh, maman! Inaungua tena! Uko na nini, we?"

"Sina kitu."

"Uko na kitu. Jana iliungua, leo inaungua. Wateja watakimbia, hein!"

Zubeda akaipua chapati akaitupa. Akaweka nyingine. Akachukua fagio akafagia sakafu ambayo alikuwa ameshaifagia. Akatoka mpaka getini, akatazama teksi zinazopigiana honi kwenye robot, yaani taa za barabarani, akarudi. Mwenyewe hakujua alifuata nini getini. Simu ilikuwa mfukoni mwa aproni yake. Kila mara aliigusa kuona kama inaita, na ilipoita, aliogopa kuipokea.

Binti yake Bushra alikuwa anavaa viatu aende kazini, kwenye duka la dawa. Bushra alizaliwa hapa hapa Johannesburg. Kiswahili anakisikia vizuri, lakini kila akisemeshwa hujibu kwa Kiingereza. Siku hiyo pia alijibu kwa Kiingereza.

"Mama, kaa chini kidogo. Unanizungusha kichwa."

"Nikae chini vipi? Baba yako anataka kuchukuliwa."

"Baba amekufa, mama."

"Ndiyo maana! Aliye hai anaweza kuhama. Aliyekufa atahamia wapi?"

Bushra akachukua mkoba wake. Akambusu mama yake shavuni, akaondoka.

Ngoja nieleze, maana jambo lenyewe lilianza kwa simu.

Zubeda alizaliwa Mbwego, kijiji kimoja huko Tanga. Aliolewa Kwemsanja, kijiji cha jirani. Mume wake, Jumbe, alikuwa fundi magari. Walikuja Johannesburg wakiwa vijana, wakapanga chumba, wakafanya kazi, wakamzaa Bushra. Majira ya baridi ya mwaka juzi Jumbe aliugua kifua, akafariki. Watu wa kwao waliopo hapa mjini walichangishana, mwili ukarudishwa nyumbani. Alizikwa Kisimani.

Kisimani ni mahali padogo katikati ya vijiji hivyo viwili. Pana chemchemi, pana miti mikubwa, pana makaburi. Hapalimwi. Zubeda alikuwa na ombi moja tu kwa Mungu kuhusu mwili wake: akifa, alazwe pale, karibu na Jumbe.

Sasa kaka yake, Khatibu, alimpigia simu kutoka Mbwego. Zubeda alikuwa anakanda unga, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Zubeda, kijiji kinataka kupata cheti cha ardhi yake. Watu wa wilaya wanakuja kupima mipaka. Kisimani ni petu, si ndiyo?"

"Ndiyo, kaka."

Kaka mkubwa akisema "si ndiyo," unasema ndiyo. Hivyo ndivyo Zubeda alivyolelewa. Akaendelea kukanda unga wake.

Haikupita muda, akapiga Bakiri. Bakiri ni mdogo wake Jumbe, na ndiye mwenyekiti wa kijiji cha Kwemsanja.

"Shemeji, wapimaji wanakuja. Kisimani ni petu, si ndiyo? Kaka amelala pale."

"Ndiyo, shemeji."

Shemeji amesema kwa heshima, tena amemtaja marehemu. Ungemjibuje? Zubeda alisema ndiyo, akafuta machozi kwa mkono wenye unga.

Siku ya kutembelea mipaka ilipofika, watu wa Mbwego walitoka upande wao na watu wa Kwemsanja upande wao. Wakakutana Kisimani. Kila upande ukasema hapa ni petu. Maneno yakawa makali, vijana wakashika mapanga. Maofisa wa wilaya wakafunga vifaa vyao. "Mkipatana, mtuite," walisema, wakaondoka.

Bila mpaka uliokubaliwa, hakuna kijiji kilichopata cheti. Na huku nyuma, watu wa kampuni moja ya mashamba ya miwa wakaanza kuonekana wakizunguka na gari. Walipiga picha chemchemi. Waliuliza watoto wa shule kama ile ardhi ina mwenyewe.

Hiyo ndiyo habari iliyokuwa inaunguza chapati.

*

Mchana huo huo alikuja Hedwiga. Watu humwita Mama Thabo. Ni mwenyeji wa Morogoro. Zamani alikuwa ofisa maendeleo ya jamii huko, akatembea vijiji vingi kwa miguu na kwa pikipiki. Aliolewa na Mwafrika Kusini aliyekuwa mkimbizi Tanzania wakati wa kupigania uhuru wa kwao, na uhuru ulipopatikana akamfuata mumewe huku. Wanakaa Turffontein. Sasa Hedwiga anafanya kazi kwenye shirika linalofundisha viongozi wa vijiji namna ya kulinda ardhi za kimila.

"Mama Bushra, nina kazi yako," alisema akiketi kwenye kreti. "Tuna mafunzo wiki ijayo, ukumbini pale Berea. Viongozi wa vijiji watatoka Malawi, Msumbiji na Tanzania. Nataka uwapikie chakula cha mchana."

"Nitapika. Wa Tanzania wanatoka wapi?"

"Tanga. Wenyeviti wawili. Wilaya imewaleta pamoja makusudi, maana vijiji vyao vinagombania mpaka. Mmoja wa Kwemsanja, mwingine wa... nani vile? Mbwego."

Mti wa kusukumia chapati ukamponyoka Zubeda ukabingirika chini ya meza.

"Vipi?" aliuliza Hedwiga.

"Hamna. Mkono una mafuta."

Angeweza kusema hapo hapo. Hakusema. Alimtengenezea mgeni chai, akasahau kuweka sukari, akamwekea mara ya pili, akasahau majani.

*

Ukumbi ulikuwa ghorofa ya chini, kwenye jengo moja la zamani. Zubeda aliingia na masufuria yake, akawaona kabla hawajamwona. Bakiri ameketi dirishani. Adamu ameketi mlangoni, mbali naye kadiri ukumbi ulivyoruhusu. Adamu ni mwenyekiti wa Mbwego, naye ni mtoto wa Khatibu. Zubeda ndiye aliyembeba mgongoni akiwa mchanga.

"Shikamoo, shangazi!" Adamu akasimama haraka.

"Marahaba, mwanangu."

"Shemeji!" Bakiri naye akasimama. "Kumbe unatupikia wewe! Basi leo nimefika nyumbani."

"Nyumbani kwako wapi?" alisema Adamu. "Huyu ni shangazi yangu. Damu yetu."

"Damu yenu, lakini mlitupa wenyewe. Mlipokea mahari, au mmesahau?"

"Jamani, kuleni," alisema Zubeda. Akampa Adamu chapati ya juu, Bakiri akainua kichwa kutazama. Akampa Bakiri paja la kuku, Adamu akaacha kutafuna. Akatamani dishi limeze mikono yake yote miwili.

Baada ya kula, Hedwiga alisimama mbele ya ubao.

"Asubuhi tuliona sheria za nchi zenu zinavyotofautiana," alisema. "Sasa twende kwenye mfano halisi. Ndugu zetu wa Tanga wamekubali tuutumie mgogoro wao. Kwanza, sheria ya Tanzania inasemaje? Ardhi ya kijiji ni ya nani? Mwenyekiti Bakiri?"

"Ni ya wanakijiji. Halmashauri ya kijiji inaisimamia tu."

"Vizuri. Na mtu anayelima shamba la babu yake bila karatasi yoyote, ana haki? Mwenyekiti Adamu?"

"Anayo. Haki ya kimila ina nguvu sawa na hati ya mjini."

"Basi cheti cha kijiji cha nini?"

Adamu akafikiri. "Bila cheti, haki ipo, lakini kuionyesha ni kazi. Mtu akija na gari na karatasi zake, wewe unabaki kuonyesha kwa kidole."

"Umesema sawasawa. Na cheti hakipatikani mpaka majirani wakubaliane mpaka. Sasa, kila mmoja aniambie ushahidi wake kuhusu Kisimani."

Bakiri akasimama, akavuta koti lake. "Mimi nina makaburi ya watu wangu pale. Na nina shahidi. Mtu mzima, mwaminifu, anapajua tangu utoto. Ametamka kwa kinywa chake kwamba ni petu."

"Mimi pia nina makaburi pale," alisema Adamu. "Na shahidi wangu ni mtu mzima kuliko wake. Naye ametamka."

"Wa kwako nani?"

"Wa kwako nani?"

"Zubeda binti Mahmoud, mjane wa kaka yangu!" alisema Bakiri.

"Zubeda binti Mahmoud, dada wa baba yangu!" alisema Adamu.

Mkalimani akawatafsiria wageni wa Malawi na Msumbiji. Kicheko kikaanza upande mmoja, kikaenea. Watu wote wakageuka kumtazama Zubeda, aliyesimama na birika la chai. Chai ilikuwa inamwagika juu ya kitambaa cha meza na yeye haoni.

Akaweka birika chini, akatoka nje.

*

Hedwiga alimkuta kwenye ngazi, amejifunika uso kwa mtandio. Upepo wa baridi ulikuwa unapeperusha mifuko ya plastiki barabarani.

"Nimewagombanisha mimi," alisema Zubeda. "Mimi na mdomo wangu huu. Nilimwambia huyu ndiyo, nikamwambia yule ndiyo. Eish! Mapanga yametoka kwa ajili yangu. Jumbe anaweza kulimiwa miwa kichwani kwa ajili yangu."

"Ulikuwa unadanganya yupi?"

"Hakuna niliyemdanganya. Ndiyo maana nasema ndiyo, nikikata simu nalala vibaya."

Hedwiga akakaa kando yake. "Mama Bushra, nilipokuwa ofisa kijana niliharibu mambo mengi kwa swali moja. Nilikuwa nafika kijijini nauliza, hapa ni pa nani? Watu walikuwa wanaanza kugombana papo hapo. Nami sikuulizi hilo. Niambie, pale Kisimani mlikuwa mkifanya nini?"

Zubeda akafuta uso. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza hivyo.

"Tulikuwa tunapokezana maharusi," alisema.

"Vipi?"

"Binti wa Mbwego akiolewa Kwemsanja, wanawake wetu wanampeleka kwa nyimbo mpaka Kisimani. Hawapiti. Wa Kwemsanja nao wanakuja kwa nyimbo mpaka Kisimani. Hawapiti. Wanaume wote wanabaki mbali, nyuma ya miti. Bibi harusi anakalishwa kwenye jiwe. Shangazi yake anateka maji kwa kata, anamwosha miguu. Kisha mama mkwe anateka kwa kata hiyo hiyo, wanawake wote wa pande mbili wanakunywa. Ndipo unainuka. Na binti wa Kwemsanja akiolewa Mbwego, ni hivyo hivyo."

"Na makaburi?"

"Pale hazikwi kila mtu. Kila kijiji kina makaburi yake. Kisimani wanazikwa waliofia ugenini. Bibi yangu alisema, aliyekuja kutoka mbali anapokelewa kama bibi harusi, na pande zote mbili. Ndiyo maana Jumbe akazikwa pale. Watu wa Mbwego walikuja kumzika kama wa kwao."

"Bakiri na Adamu wanalijua hili?"

"Watalijuaje? Walikuwa nyuma ya miti! Na siku hizi bibi harusi anapitishwa barabara kuu kwa gari. Miaka mingi sasa hakuna aliyeoshwa miguu."

Hedwiga akasimama, akampa mkono. "Twende ukayaseme hayo ndani."

"Mbele ya wanaume wale wote? Mimi niliyekuja kupika?"

"Sheria ya ardhi haijasema wanawake wapike tu. Kwenye mkutano mkuu wa kijiji, mwanamke ana sauti sawa na mwanamume. Kwenye kushuhudia mpaka pia. Kijiji kinachopima mipaka bila kuwauliza wanawake kinapima nusu."

Zubeda akabaki ameketi. Akimpendeza kaka, atamuudhi shemeji. Akimpendeza shemeji, atamuudhi kaka. Akisema kweli, huenda akawaudhi wote wawili, abaki bila kwao kokote. Kisha akawakumbuka wale watu wa kampuni waliopiga picha chemchemi. Akainuka.

*

Aliwaeleza wote kama alivyomweleza Hedwiga. Alipomaliza, Bakiri alikohoa.

"Shemeji, tunakuheshimu. Lakini hayo ni mambo ya harusi. Hapa tunazungumza ardhi."

"Na uliniangusha, shangazi," alisema Adamu. "Ulimwambia baba ndiyo."

Hapo Zubeda akachemka. Wiki nyingi za kuunguza chapati zikampanda kichwani kwa pamoja.

"Nilisema ndiyo kwa sababu hamkuniuliza! Mlikuja na jibu lenu mkataka niitike. Kaka anasema, si ndiyo? Shemeji anasema, si ndiyo? Ni nani kati yenu aliyesema, Zubeda, wewe uliyekalishwa kwenye lile jiwe, tueleze? Hakuna! Mmekwenda kupima mipaka na wazee wa kiume, na wale wazee wote walikuwa nyuma ya miti wanavuta tumbaku!"

Mama mmoja wa Malawi akapiga makofi kabla hata mkalimani hajamaliza.

Zubeda akachukua unga uliobaki kwenye kikapu chake, akaumwaga mezani, akausambaza kwa kiganja. "Huku Mbwego. Huku Kwemsanja. Hapa Kisimani." Akaweka kikombe katikati. "Haya, Bakiri, chora mstari wako."

Bakiri akachora kwa kidole, akakizungushia kikombe upande wake.

"Adamu, chora wako."

Adamu akachora, kikombe kikawa upande wake. Mistari ikakatana, unga ukavurugika, kikombe kikaanguka.

Wala hakuna aliyecheka safari hii. Bakiri alikiinua kile kikombe, akakipangusa kwa mkono wa koti lake.

"Sasa nisikilizeni," alisema Hedwiga, akiusawazisha unga. "Mwenyekiti Bakiri, unaogopa nini hasa?"

"Mstari ukienda kwao, watanifungia chemchemi. Na nitaombaje ruhusa kumtembelea kaka yangu kaburini?"

"Na wewe, Adamu?"

"Hicho hicho."

"Hamgombanii mpaka, basi. Mnaogopana. Sheria ina njia. Mpaka unaweza kupita mahali mnapokubaliana, hata katikati. Kisha halmashauri zenu mbili zinaandikiana makubaliano ya matumizi ya pamoja. Mnasema Kisimani panatumiwa na vijiji vyote viwili kama desturi yenu ilivyo. Hapalimwi, hapauzwi, hapakodishwi. Maji ni ya wote, makaburi ni ya wote. Kila kijiji kinapata cheti chake, na Kisimani panabaki penu nyote."

"Tunaweza kukubaliana hapa hapa?" aliuliza Adamu. "Leo?"

Bakiri akautazama ule unga mezani. Kisha akasema polepole, "Hatuwezi. Wewe na mimi hatuna ardhi. Ardhi ni ya wanakijiji. Lazima turudi kwenye mikutano mikuu."

Hedwiga akapiga meza mpaka unga ukaruka. "Hilo ndilo nililotaka kusikia! Mwenyekiti anayeandika makubaliano peke yake hotelini ndiye anayeuza kijiji. Rudini. Itisheni mikutano. Waulizeni wanawake wazee. Na mkifika Kisimani, msiulize ni pa nani. Ulizeni tulikuwa tunafanya nini hapa."

Jioni walipoagana, Bakiri na Adamu walibeba sufuria kubwa la Zubeda mpaka kwenye teksi, mmoja ameshika sikio hili, mwingine sikio lile. Hawakuwa wamepatana bado, lakini sufuria lilikuwa zito.

*

Kisha ikaja ile kazi mbaya kuliko zote, ya kusubiri.

Zubeda alisubiri vibaya. Alibadilisha mahali pa kabati, akalirudisha. Alimpigia Khatibu, Khatibu akasema bado amenuna. "Umetutia aibu mbele ya wageni," alimwambia, akakata simu. Zubeda akalia, akapiga tena. Safari hii hakungoja kuulizwa.

"Kaka, mkeo alioshwa miguu wapi?"

Khatibu akaguna. Mkewe alitoka Kwemsanja.

"Muulize," alisema Zubeda. "Yuko hapo hapo jikoni kwako. Muulize tu."

Khatibu aliuliza. Mkewe alieleza tangu adhuhuri mpaka chai ya jioni, maana hata yeye alikuwa hajaulizwa tangu aolewe. Mkutano mkuu wa Mbwego ulipoitishwa, Khatibu ndiye aliyesimama kwanza na kusema wanawake wasikilizwe.

Huko Kwemsanja haikuwa rahisi hivyo. Mkutano wa kwanza ulivunjika. Vijana walimzomea Bakiri, wakasema amelishwa chapati Johannesburg akalainika. Bakiri akawajibu, "Nimelishwa, ndiyo, na nimeshiba. Sasa kaeni niwaeleze." Mkutano wa pili wakakaa. Wanawake wazee walisema. Kijiji kikapiga kura, kikakubali.

Watu wa kampuni walirudi na gari lao. Adamu hakuwafukuza wala hakuwapokea. Aliwaambia, "Hii ardhi ina wenyewe, nao hufanya uamuzi kwenye mkutano. Karibuni mkutanoni mbele ya watu wote." Mkutanoni hawakuonekana.

Mwishowe maofisa wa wilaya waliitwa tena. Safari hii mbele walitembea wanawake. Walionyesha jiwe, wakaonyesha njia za pande zote mbili. Mpaka ukapimwa. Makubaliano ya Kisimani yakasomwa kwa sauti kwenye kila kijiji. Vyeti vya ardhi vikatoka baada ya miezi kadhaa, kimoja Kwemsanja, kimoja Mbwego.

Siku ya kuvipokea, watu wa vijiji vyote viwili walikutana Kisimani. Adamu akapiga simu ya video. Ilikuwa Jumapili, Bushra yupo nyumbani. Aliegemea bega la mama yake wakatazama pamoja. Waliona kata ikizunguka, wanawake wa huku wakinywa na wa kule wakinywa. Waliona kaburi la Jumbe, limepaliliwa. Khatibu na Bakiri walikuwa wamechutama kando yake, wanang'oa majani yaliyobaki, na wanabishana kuhusu mpira.

"Mama," alisema Bushra. Alisema kwa Kiswahili, kwa shida, neno moja moja. "Mimi nikiolewa... na mimi wataniosha miguu pale?"

Zubeda alimshika mkono akaubana.

"Shangazi!" Adamu alikuwa anapaza sauti kwenye simu. "Shangazi, unasikia? Tumekubaliana pande zote. Hapa pembeni ya marehemu tumekuachia nafasi yako!"

Zubeda akacheka, machozi yanamtoka.

"Iacheni hivyo hivyo ikae!" alisema. "Msinikimbize. Mimi bado nina unga wa kumaliza huku!"

Falonne akachungulia mlangoni akivuta pua. Jikoni hakukuwa na harufu ya kuungua. Akaomba mbili za moto, akapewa nne.